Tangawizi ya Nyuma ya Jikoni

Mwaka wa sabini na tisa kila mtu huku Kabras alikuwa na wazimu wa miwa, na mume wangu Makhanu alikuwa nao kuliko wote. Tulikuwa tumeshang'oa mihogo. Tulikuwa tumeshalima mahali pa wimbi, mahali pa maharagwe na malisho ya ng'ombe, na ng'ombe wenyewe tukawapeleka kwa shemeji. Majirani walinunua mabati na redio. Sisi tulinunua mabati. Sikatai, mabati ni mazuri, mvua haikunyeshei kitandani. Lakini nilianza kununua mboga sokoni, mimi binti wa mkulima, na hilo lilinichoma roho.

Kitu kimoja tu nilikataa kisiguswe, nacho ni tangawizi yangu ya maua nyuma ya jikoni.

Si tangawizi ya chai, hii hailiwi. Ina majani marefu na mapana, inakufika kifuani, na ikitoa maua meupe harufu yake inaingia mpaka jikoni unaposonga obusuma, ugali wetu. Kipande cha kwanza nilipewa na sista mmoja mzee wa misheni ya Mukumu, aliyekuwa akitunza bustani pale hospitalini. Nilikuwa nimelazwa siku nane.

Mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, alizaliwa nyumbani akiwa kimya. Mimi nikakimbizwa Mukumu nikivuja damu, yeye akabaki mikononi mwa mama mkwe wangu, Phoebe. Kwetu mtoto ambaye hakulia hafanyiwi matanga. Hapewi jina wala msalaba. Wanawake wazee humzika nyuma ya nyumba, baba yake haonyeshwi mahali, naye haulizi. Niliporudi, Phoebe alinishika mkono tukazunguka jikoni, akanielekeza kwa kidevu.

"Ni hapo," akasema. "Usilie sana. Na usiambie mtu."

Jioni ile nilipanda kipande cha sista papo hapo. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mwanamke akipanda maua, watu husema ameambukizwa uzungu wa misheni, basi, wanaendelea na shughuli zao.

Nilikitunza kishamba kile miaka kumi na minne, Ayuma, mtoto wetu wa pili, akazaliwa na kukua, nacho kikawa na upana wa mkeka. Sista alikuwa amenifundisha vizuri. Mmea huu ni mgumu, alisema, hauombi mengi. Ukimaliza kutoa maua, kata mabua yote hadi chini, funika mizizi kwa majani makavu wakati wa kiangazi, na mvua ikija utachipuka kwa nguvu mpya. Nilifanya hivyo kila mwaka. Phoebe naye akafa, wa mwisho kati ya wale wanawake wazee, na kuanzia siku tuliyomzika, aliyejua mahali pale duniani nilikuwa mimi peke yangu.

Mwezi wa kumi na moja bwana shamba wa kampuni, kijana nadhifu aitwaye Erastus, alikuja na kamba ya kupimia. Alisema nusu ekari ya nyuma ingefaa, ila trekta linataka nafasi ya kugeukia. Jikoni la zamani libomolewe. Migomba itoke. Makhanu alikuwa akitikisa kichwa kukubali kabla sentensi haijaisha. Usiku, hapana, hata chakula cha jioni hatukusubiri, nilimvaa Makhanu palepale, mara tu Erastus alipopanda pikipiki yake akaondoka.

"Baba Ayuma, ile maua yangu isiguswe."

"Maua? Kwani maua inaliwangwa?"

"Isiguswe tu."

Alinitazama, akacheka. Makhanu si mtu mbaya, na hili nalisema ili mtu asije akamsingizia. "Sawa, mama. Nitaambia dereva akiona maua apitie mbali. Mimi siwezi gombana na wewe juu ya maua."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Lakini Phoebe alikuwa amenikataza, na mtu aliyekufa humwendei kumwomba ruhusa. Nikasema asante, nikaenda kuchota maji.

Mwezi wa kumi na mbili maua yakaisha. Nikachukua panga nikakata mabua hadi chini kama kawaida, nikafunika mizizi. Zamani nilifunika kwa majani ya migomba. Mwaka huo migomba ilikuwa imeshatoka, kwa hiyo nikatumia majani makavu ya miwa, ambayo yalikuwa yamejaa kila mahali. Nilifunika vizuri sana. Nilijisifu hata.

Januari hatukuwa na punje ya mahindi nyumbani. Nikaenda Likuyani kwa dada yangu Awinja, ambako watu bado walikuwa na akili ya kulima chakula, nikamsaidia kupukuchua ili anigawie magunia mawili. Nilisema nitakaa siku tatu. Nikakaa tano. Trekta lilikuwa lije mwezi wa pili, lakini trekta la kampuni huja siku linayotaka.

Niliporudi niliona anga mahali palipokuwa na jikoni. Nyuma yake palikuwa na matuta mekundu tu, kutoka ukutani mwa nyumba hadi kwa jirani. Dereva, mzee mmoja aitwaye Onesmus, alikuwa bado anafunga plau yake kwa mnyororo. Nilimfuata nikipiga kelele ambazo mpaka leo naambiwa zilisikika barabarani.

"Mama, ngoja," alisema, akavua glavu. "Mzee aliniambia nisiguse maua. Haki ya Mungu nilishuka chini nikatafuta hiyo maua kwanza. Maua hakuna. Kulikuwa tu takataka ya miwa, nikapitisha."

Ningempata mtu wa kumchukia ingenisaidia. Huyu alikuwa ameshuka mpaka chini kutafuta. Takataka aliyoiona niliiweka mimi, kwa mikono yangu, na mabua ambayo yangemsimamisha niliyakata mimi.

Nilipiga magoti nikachambua udongo mpaka kucha zikatoka damu. Phoebe alikuwa amemfunga kwa leso yangu ya buluu. Nilijua leso haikai ardhini miaka kumi na minne, najua mambo ya udongo, lakini nilitafuta hata uzi. Nilipata vipande vya mizizi ya tangawizi, vimekatwakatwa na kuburutwa huku na huku. Sikujua tena jikoni lilikuwa limeishia wapi. Sikuwahi kupima. Nani hupima mahali anapopaona kila asubuhi?

"Si utapanda ingine?" Makhanu aliniambia, amesimama nyuma yangu bila kujua mikono aiweke wapi. "Hii kitu haikufangi."

Alisema kweli. Miwa ikapandwa, mvua za mwezi wa tatu zikaja, na tangawizi ikachipuka. Ilichipuka katika kila tuta, nusu ekari nzima, kila kipande kilichokokotwa na plau kikitoa jani lake. Majirani walikuja kutazama, wakacheka, wakasema kumbe mama Ayuma ana mkono wa baraka. Mimi nilikuwa nikitembea kati ya matuta nikitafuta shina moja ambalo moyo ungeniambia ndilo. Moyo haukuniambia kitu.

Erastus alikuja akasema hayo ni magugu. Yakikutwa shambani Alhamisi, kampuni haitaikubali miwa ile.

Tukaanza palizi Jumatatu, mimi na Makhanu, kila mtu na jembe lake. Nilipiga mashina kama ishirini. Kwenye la ishirini na kitu mikono ikakataa, nikakaa chini tuta lote likinitazama, na yale niliyoyameza miaka yote yakatoka.

"Baba Ayuma, mtoto alikuwa huku. Yule wa kwanza. Ndiyo maana ya maua."

Jembe lake lilikuwa juu. Alilishusha polepole, akaliegemeza begani, hakutaka liguse ardhi. Kisha akatazama miguu yake mwenyewe, akaanza kurudi nyuma, akasimama, kwa sababu hata huko nyuma kulikuwa na tangawizi.

"Wapi?" akauliza.

Nikayatazama matuta, yote yalikuwa sawa.

"Mama Ayuma, ni wapi? Hapa?" Alionyesha shina. "Ama hii? Niambie, nisikanyage." Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja katikati ya shamba lake mwenyewe.

Sikuweza kumtazama hivyo. Nikanyoosha kidole kwenye shina lililokuwa karibu naye, lolote tu, kubwa kidogo kuliko mengine.

"Ni hiyo."

Akavua kofia. Akapiga magoti pale akalia kama ambavyo hakuruhusiwa kulia miaka kumi na minne, na mimi nikachukua jembe langu nikamaliza kung'oa mengine yote.

Shina lile lipo mpaka leo. Makhanu alimwomba Erastus, Erastus akaliacha. Kila Jumapili tukitoka kanisani yeye hupita pale kwanza, hung'oa nyasi, husimama kidogo. Kisha huniita kutoka kule shambani, "Mama Ayuma, si ukuje?" Nami humwambia sufuria iko motoni.