Trela ya Bati

Davison alichunga ng'ombe tangu utoto wake kule Namwala, lakini siku ya kuchagua trela hakuna aliyemsikiliza. Bwana wake, Hippolyte, mchuuzi wa samaki wa Kashikishi, alikuwa amenunua ng'ombe wanne Mbereshi, anataka kuwahamishia shambani kwake Nchelenge. Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago alikuwa na trela mbili za kuuza. Moja ilikuwa na sakafu ya mbao, imepigiliwa mapande ya kuzuia kwato zisiteleze, inanuka mavi. Ya pili ilikuwa na sakafu ya bati laini, inang'aa kama sahani.

"Bwana, tukamate ya mbao," Davison alisema. "Ngombe anasimamaka. Anatafuta pa kukanyaga."

Hippolyte alipitisha kiganja juu ya bati. "Miaka makumi mbili nabebaka mizigo, na wewe mutu wa fimbo utanifundisha? Hii unamwaga maji mara moja, inakuwa safi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Ya bati ikanunuliwa, ng'ombe wakapakiwa. Kwenye kona ya kwanza bati lilikwisha kulowa mkojo. Ng'ombe mmoja akateleza, wenzake wakamwangukia. Davison, aliyepanda nyuma ya gari, aligonga paa la dereva mpaka ngumi ikachubuka. Hippolyte, kwenye usukani, hakusimama. Yeye alizoea mzigo wa samaki: hausimamishwi njiani, ukikawia, unaoza.

Walipofika, Mama Germaine, mke wa Hippolyte, alifungua trela, akatazama ndani, kisha akamgeukia mumewe.

"Umeleta ngombe vile unaletaka samaki," alisema. "Yote imelala."