Siku Thurea Iliposhushwa

Mirza alikuwa mjusi, lakini ole wako umwambie hivyo. Kwa maneno yake mwenyewe, ukoo wake uliishi katika kuta za Imambara ya Naushaba Begam, jumba la maombolezo ya Imamu Huseni, tangu manawabu walipokuwa wakitawala mji wa Lakhnau huko India, kwa hiyo yeye ndiye aliyewafundisha wenzake adabu za nyumba. Chunni, panya aliyezaliwa sokoni chini ya gunia la dengu, alijifunza kwa bidii zote. Aliipenda imambara ile mpaka ikamuuma. Nani asingeipenda? Ukumbi mpana usio na nguzo hata moja, vioo virefu kuliko watu, ukuta ambao ukiunong'oneza huku unasikika kule! Kila asubuhi alitoka tunduni mwake kutazama tu, akasahau hata kula.

Na adabu ya kwanza ya Lakhnau ni hii: mlangoni usitangulie. Unampisha mwenzako, naye anakupisha wewe, mnabembelezana hivyo mpaka mmoja akubali.

Rafiki yao wa tatu alikuwa Mahjabin, kindi mwenye maringo yake. Alikuwa amezaa watoto watatu juu kabisa ya thurea, ile taa kuu ya bilauri inayoning'inia katikati ya ukumbi, na akawatandikia pamba aliyoiiba kwenye magodoro ya jirani. "Mtoto wangu azaliwe mtini, kwani yeye kunguru?" alisema. Wote watatu walisahau kwamba kabla mwezi wa Mfunguo Nne, mwezi wa maombolezo, haujaandama, watumishi huishusha thurea na kuiosha kipande kimoja kimoja.

Asubuhi hiyo walikuwa juu ya dari wakila makombo ya mkate wa zafarani, mara mnyororo wa thurea ukaanza kulia.

"Wanangu!" Mahjabin akapiga ukelele.

Wakakimbilia kitundu ambamo mnyororo hupita kuelekea chini. Kilikuwa chembamba, cha kupita mmoja mmoja. Mahjabin akafika wa kwanza, akasimama ghafla.

"Tangulia, Mirza Saheb. Wewe mkubwa wetu."

"Hasha, bibi! Wewe ndiye mama. Tangulia wewe."

"Nikupe mgongo, Saheb? Mimi?"

"Na mimi nimpite mama mwenye uchungu? Wazee wangu watanionaje?"

Mahjabin alikuwa akilia machozi ya kweli, ila mguu ulikataa kuvuka. Mazoea ni kitu kibaya. Mnyororo nao unateremka, haungoji mtu. Chunni alisimama nyuma yao, maana mdogo na mgeni zamu yake ni ya mwisho. Alijua akiwapita leo, ataitwa panya wa sokoni mpaka kufa.

Akakanyaga kichwa cha Mirza, akapita.

"Mshenzi we!" Mirza akafoka.

Chunni alikuwa ameshateleza na mnyororo. Akaking'ata kitoto cha kwanza shingoni kwa upole, akapanda nacho. Hapo Mahjabin akazinduka, akashuka kumchukua wa pili. Chunni akarudi kwa wa tatu, lakini thurea ilikuwa imefika mbali na pumzi zimemwishia. Akakikumbatia kitoto, wakateremka pamoja.

Jua likapenya madirishani likagonga bilauri. Ukumbi wote ukajaa rangi: nyekundu ukutani, kijani juu ya vioo, zambarau mpaka kwenye masharubu yake. Chunni aliogopa mno, na bado akafungua macho zaidi. Alikuwa hajaona uzuri kama ule tangu azaliwe.

Thurea ikatua katikati ya ndoo na watu.

"Panya!" akapayuka Shabbu, mmoja wa waoshaji. "Panya ndani ya thurea! Lete fagio!"

Mzee Kallan, msimamizi wa ukumbi, akainama kutazama. "Fagio la nini? Huoni kabeba mtoto? Mpishe bibi apite."

"Ami Kallan, huyu ni panya!"

"Na wewe ni mtu wa Lakhnau. Sogea."

Watu wakasogea, mafagio wameyaficha migongoni. Kallan akainua mkono mpaka kwenye paji la uso, salamu anayowapa wageni wa heshima, na Chunni akapita katikati yao na kitoto chake mdomoni.

Juu darini Mahjabin alimpokea mwanawe akamnusa kila mahali.

Mirza aliona haya, na mwenye haya hutafuta la kusema. "Lakini jamani," akakohoa, "mtoto wa watu kushikwa na meno ya panya!"

"Mimi huwa namshika na nini, Mirza?" akauliza Mahjabin.

Mahjabin akakitazama kile kitoto, kisha akakirudisha mikononi mwa Chunni.

"Nishikie, dada. Natafuta pamba nyingine."