Jogoo Kwapani, Jeneza Begani

Jeneza lilikuwa limekwisha kuinuliwa wakati mjukuu wangu alipojitokeza mbele yake, akatandaza mikono mlangoni, akapaza sauti: "Sajini haendi popote!"

Ilikuwa nyumba ya Majengo, asubuhi ya jua kali, mwaka wa tisini na tatu. Wachukuzi wakasita na mzigo wao mabegani. Crispus, koplo wa jeshi, ndani ya sare iliyopigwa pasi mpaka ikasimama wima, alikuwa amevaa bereti ya marehemu, ameigeuza nyuma mbele. Akaanza kutembea huku na huko, kifua mbele na tumbo nje, akichechemea kidogo mguu wa kushoto, na kila aliyemjua Sajini Faraj alimwona Faraj mwenyewe akikagua gwaride.

"Mvivu huyu!" akasema. "Maisha yake yote ametuamrisha sisi tutembee, leo yeye anataka kubebwa! Amka, ewe Faraj, viatu vyako havijapigwa rangi!"

Ndani, wanawake walicheka; kicheko kikapasuka kikawa kilio, na kilio kikarejea kuwa kicheko. Ndugu wa marehemu, kwa uso mzito wa mtu anayetimiza wajibu, akatoka uani na jogoo mwekundu, akamkabidhi mzuiaji njia. Crispus akampokea, akamtia kwapani, akavua ile bereti, akaingiza bega chini ya jeneza. Hivyo ndivyo alivyokwenda hadi makaburi ya Kikowani, jogoo kwapani na jeneza begani, machozi yakimchuruzika mpaka kwenye kola, naye akikataa kupokewa.

Nilikuwepo. Sikucheka, kwa kuwa sikuwa mtu wa kucheka. Nyuma yangu walisimama maafisa wawili kutoka kambini, watu wa bara, waliofika kwa heshima zote kumsindikiza askari wao. Nilipogeuka kuwatazama, nyuso zao zilikuwa zimefungwa kama maduka siku ya Idi.

Yafaa nieleze. Sisi ni Wakristo wa Rabai. Faraj alikuwa Mwislamu, Mdigo. Lakini ukoo wetu na ukoo wake ni watani tangu enzi za makaya, ile miji ya wazee wetu msituni, na baina ya watani dini haijapata kuingilia. Mtani akifiwa, wewe ndiwe utakayefika kwanza na kuondoka mwisho. Utachimba kaburi, utateka maji, utapasua kuni. Na jeneza likitaka kutoka, utalizuia na kumsema marehemu, kwa sababu waliofiwa hawana nguvu ya kucheka nao wanahitaji kucheka. Watakupa kitu, nawe utafungua njia. Mtani asiyefanya hivyo huaibisha watu wake.

Crispus aliyajua hayo kama anavyolijua jina lake. Asilolijua ni kwamba wengine hawayajui. Kosa lake lilikuwa hilo: alidhani dunia nzima ina watani.

Kambini alishitakiwa kwa kuidhalilisha maiti ya mkubwa wake, tena akiwa ndani ya sare. Alijieleza, lakini peke yake. Shahidi aliyefaa kuliko wote, Bi Mejumaa, mjane wa Faraj, alikuwa katika eda, amekaa ndani kama sheria ya dini yake inavyotaka, wala hakuna aliyemtaka mwanamke mfiwa atoke kwenda kusimama mbele ya wanajeshi. Eda yake haijesha, Crispus alikuwa amekwisha vuliwa sare na kupewa hati iliyosema ameachishwa kwa utovu wa nidhamu.

Hati ile ilimtangulia kila alikokwenda. Bandarini Mbaraki walimpa kibarua cha kubeba magunia, lakini kazi ya kudumu ya ufundi wa mitambo, aliyoisomea jeshini, hawakumpa. Hilo angelivumilia. Asiloweza kulivumilia ni kumkosa Purity, mchumba wake. Walikuwa wamekwisha kupatana wao wenyewe, na baba yake, Bwana Joab wa shirika la reli, alikuwa amekwisha kuanza kuniita mkwe. Habari ilipomfikia alisema neno moja tu, na akalisema kwa upole: hatamwoza binti yake kwa mtu aliyefukuzwa jeshini kwa kumtukana maiti. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningesema vivyo hivyo, tena bila upole.

Rufaa ilipokubaliwa kusikizwa, mwaka wa tisini na tano, nilikwenda Majengo kumwomba Bi Mejumaa aje atoe ushahidi. Alikuwa akipepeta mchele barazani. Yeye hakuwa mjane wa Faraj tu. Alikuwa mtoto wa ami yake pia, damu ya ukoo ule ule, na kwa hiyo mtani wangu kamili. Kila tulipokutana alinichokoza, nami kila mara nilimjibu kwa salamu. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa kitu kingine chochote, na mtu aliyezoea kunyamazisha darasa kwa kukohoa hawezi kujibizana njiani.

"Nitakuja, Mwalimu," akasema, asiinue macho kwenye ungo. "Lakini sitakuja kama shahidi. Nitakuja kama mtani. Wewe je, utakuja kama nani?"

Nikamwambia nitakuja kama babu wa mshitakiwa, na kwamba nimekwisha kuiandaa hotuba. Akacheka mpaka chuya zikamwagika.

Kikao kilikaa katika jengo la serikali, chumba cha juu chenye feni iliyolia kila ikizunguka. Mwenyekiti alikuwa kanali mwembamba mwenye miwani. Kuumeni kwake Kapteni Mutanu, mwanamke kijana aliyeandika kila neno, na kushotoni afisa mwingine asiyesema kitu. Crispus alisimama wima kama mlingoti. Nikatoa hotuba yangu. Nilieleza asili ya utani, masharti yake na mipaka yake. Naamini ilikuwa hotuba nzuri. Kanali alinisikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani.

"Mwalimu, nakuheshimu. Lakini mtu yeyote akishakosa anaweza kutafuta desturi ya kujifunika. Mimi nitajuaje kwamba jambo hili lipo, na si maneno mazuri tu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo.

Hapo mlango ukafunguliwa, Bi Mejumaa akaingia na buibui lake, akiwa amechelewa, akihema kwa ngazi. Aliwasalimu maafisa kwa adabu kamili, mmoja mmoja. Kisha akanigeukia, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Ala! Mwalimu, kumbe hujafa?" akasema. "Mimi nimekuja na sanda mkobani. Nilidhani nimeitwa kukuzika!"

Kapteni Mutanu akaacha kuandika.

"Na koti hili, umemvua nani? Mzungu gani huyo aliyezikwa uchi ili wewe upendeze?" Akanyoosha mkono, akainyakua kofia yangu iliyokuwa mezani, ile nzuri ya kwendea kanisani, akaiweka juu ya kiti, akaikalia.

Kanali aliinuka. "Mama! Mheshimu mzee!"

"Simheshimu," Bi Mejumaa akasema, akijiweka sawa juu ya kofia. "Nikimheshimu nitakuwa nimemtukana. Muulize mwenyewe."

Wote wakanitazama. Crispus naye akanitazama, na katika macho yake niliona hofu ambayo hakuwa nayo hata aliposomewa mashitaka. Alinijua. Alijua kwamba katika maisha yangu hakuna aliyeigusa kofia yangu. Kama ningenuna tu, nikadai heshima yangu, basi utani ungekuwa umekufa mle chumbani mbele ya mashahidi watatu, na mjukuu wangu angeshuka ngazi zile na hati ile ile. Nami, wallahi, nilikuwa na hasira. Niliisikia ikinipanda kama maziwa yanayochemka.

Nikakohoa. Halafu nikasikia sauti yangu ikisema:

"Bi Mejumaa, kufa nilitaka. Lakini nilipokumbuka kwamba pilau ya matanga yangu utaipika wewe, nikaona bora niishi."

Feni ikalia. Uso wa Bi Mejumaa ukafunguka taratibu, kama wa mtu aliyebisha hodi miaka na miaka na leo ameitikiwa.

"Pilau yangu? Pilau yangu si uliila ukaramba na sinia! Nyingine ukaificha mfukoni mwa koti hilo hilo!"

"Niliificha nikampe mbwa wa jirani," nikasema. "Akanirudishia."

Kapteni Mutanu ndiye aliyeanza. Alijaribu kukigeuza kuwa chafya, kikamshinda. Afisa asiyesema kitu akaufunika uso kwa faili. Crispus alibaki wima kama alivyoamriwa, lakini mabega yalimtikisika na machozi yakamtoka kama siku ile ya mazishi. Kanali peke yake hakucheka. Alikuwa akinikazia macho.

"Mwalimu, mama huyu ameikalia kofia yako mbele yetu sote. Huoni hasira?"

"Naona hasira kubwa, afande," nikamjibu, "lakini sina haki nayo."

Aliketi polepole. Kisha akamgeukia Bi Mejumaa, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama, siku ile ya mazishi ya mumeo, ulikuwa wapi?"

"Chumbani, baba. Nilikuwa sijala wala sijalia. Nilikuwa jiwe. Nikasikia kijana huyu mlangoni anamwambia Faraj wangu aamke apige viatu rangi." Akaivuta ncha ya buibui lake. "Faraj alikuwa mvivu wa viatu, wallahi. Mimi ndimi niliyempigia. Hapo nikacheka, na nilipocheka nikaweza kulia. Huyu alikuwa amechimba kaburi tangu alfajiri, mikono imemtoka malengelenge. Asingekuja, au angekuja akasimama kimya kama nyinyi, basi ndipo mngekuwa na haki ya kumfukuza. Mimi mwenyewe ningewasaidia."

Kanali akauliza kuhusu sare. Sikumwacha Crispus ahangaike. Nikasimama, nikasema kwamba sare ni ya taifa na haikupaswa kuingizwa katika mambo ya koo. Alipaswa kuivua kabla ya kuizuia njia, na katika hilo simtetei. Bi Mejumaa akaguna, akasema, "Sikilizeni, gogo limesema kweli."

Tulitolewa nje, tukangoja ukumbini. Tulipoitwa tena, kanali alisoma uamuzi akiwa amesimama. Kosa la sare litabaki kama onyo. Kosa la kuidhalilisha maiti limefutwa. Hati itaandikwa upya, na itasema kwamba Koplo Crispus Dzoro ameachishwa jeshi kwa heshima. Crispus akapiga saluti. Hakuwa na haki ya kupiga saluti, kwa kuwa alikuwa raia, lakini kanali akaiitika.

Kofia ilirudi kwangu ikiwa bapa kama chapati. Niliivaa hivyo hivyo, nikapita nayo barabara nzima mpaka Kibokoni, na watu walioniogopa tangu wakiwa wanafunzi wangu wakanisalimu huku wakiuma midomo.

Hati mpya ilipotoka, tuliivalia nguo nzuri tukaipeleka Buxton, nyumbani kwa Bwana Joab. Alitupokea kwa adabu, akatuketisha, Purity akaleta chai na mahamri, akasimama nyuma ya kiti cha baba yake. Joab alikuwa mtu mkubwa wa mwili. Kiti kililalama kila alipopumua. Akaisoma hati. Akairudia tena. Halafu akataka kuelezwa yote yaliyotokea, nami nikamweleza, sanda, pilau, mbwa na kofia, nikijishangaa mwenyewe jinsi nilivyoyapanga ili acheke.

Hakucheka. Aliitazama chai yake.

"Mimi nimekuja huku pwani kijana, kwa kazi ya reli," akasema. "Kwetu ni mbali. Wazee wangu wamekwisha kufa, na ndugu zangu tumepotezana. Nimekuwa nikifikiri, Mwalimu. Siku nitakapotoka mlango huu nimebebwa, watu watakuja, watakuwa na adabu, watanyamaza, watanizika. Hakuna atakayenizuia."

Crispus akafungua kinywa, nikamnyamazisha kwa jicho. Mkwe hamtanii mkwe. Mkwe hulibeba jeneza mbele, kwa heshima, na neno la mzaha haliruhusiwi kumtoka. Nilimweleza Joab hivyo, kwa sababu ni vizuri mtu ajue anachokipata na asichokipata. Nikaona uso wake ukiinama.

"Lakini," nikasema, "kwetu sisi, mjukuu ni mtani wa babu yake tangu siku ya kuzaliwa. Hana haja ya kupewa ruhusa. Atakuvuta ndevu, atakuita mume wa nyanya yake, atakuficha fimbo. Na siku hiyo uliyoitaja, yeye ndiye atakayesimama mlangoni. Watani wako wapo, Bwana Joab. Hawajazaliwa tu."

Purity akainamia birika kana kwamba lina jambo la kumwambia. Crispus alizihesabu nyuzi za mkeka. Joab akaikunja hati kwa uangalifu, akamrudishia kijana wangu kwa mikono miwili, akajiegemeza, kiti kikalia.

"Wawe wengi," akasema. "Mimi ni mzito."