Pistoni ya Kumvusha Mama Mkwe

Usiku wa kuamkia leo niliota mama mkwe ameniletea gereji pikipiki ya theluji.

Mimi ni fundi wa misumeno ya kukatia miti hapa Ifakara, ile ya injini, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Theluji sijawahi kuiona. Huku kwetu mtu hulala madirisha wazi na bado shuka linalowa jasho. Lakini ndotoni sikushangaa hata kidogo. Mama mkwe, Bibi Gaudensia, ambaye kwa kweli amekuja kututembelea kutoka Mahenge na analala chumba cha pili, alikuwa ameisukuma pikipiki ile mwenyewe hadi mlangoni. Mbele haikuwa na gurudumu. Ilikuwa na mbao mbili ndefu zilizopinda ncha kama makubadhi. Nyuma ilikuwa na mkanda mpana wa mpira, kama wa katapila.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Injini imenoki."

Alisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Injini ikinoki maana yake pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda, haipandi wala haishuki.

"Ulikuwa unakwenda wapi, mama?"

"Kwa baba yenu."

Baba yetu, mzee Kamilius, alifariki kabla sijamjua binti yake Avelina, mke wangu. Sura yake siijui. Picha iliyopo nyumbani amesimama kivulini, kinachoonekana vizuri ni viatu.

"Yuko ng'ambo ya mlima ule," mama alisema. "Wameniruhusu leo tu. Nataka nimwambie binti yake ameolewa, na ameolewa na mtu wa namna gani. Asije akasikia kwa watu."

Nikatazama alikoonyesha. Soko lilikuwa limeondoka. Mahali pake pamesimama mlima mweupe, mrefu, umetulia kama vile umelipia kibanda.

Nikafungua injini. Pistoni ya zamani ilitoka vipande vipande, na kila kipande kilisema, "Samahani." Silinda ikabaki wazi inanitazama, kama mdomo wa mtu aliyekwenda kung'olewa jino.

"Hutanipima?" iliniuliza.

"Nimeshakupima."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa jicho."

Sijui kwa nini nilijibu vile. Mikrometa, kipimo chetu cha unene, ilikuwa kabatini. Nadhani ni kwa sababu mama mkwe alikuwa amesimama pale na mkoba wake, nikataka aone kwamba mume wa binti yake si fundi wa kupimapima.

"Haya," silinda ikasema, "lete jicho."

Nikalitoa jicho la kulia nikalitumbukiza ndani. Halikuuma. Likaenda mpaka chini likaona mikwaruzo mirefu upande wa ekzosi, moshi unakotokea, mirefu na ya kina, kama kuta za chumba alichofungiwa chui. Kisha likatazama juu. Kwenye duara la mwanga, uso wa mama mkwe ulikuwa unachungulia.

"Humo mnaendeleaje, baba?"

"Vizuri tu, mama."

Jicho langu likafumba lenyewe.

Nikaingia duka la spea. Ndani ni ukumbi wa parokia. Pistoni zimekaa kwenye mabenchi, zimepangwa kama wasichana waliokuja kuchumbiwa, mikono imewekwa mapajani. Mama mkwe anaingia nyuma yangu na kukaa karibu na mlango.

"Chagua, baba," anasema. "Usinitazame mimi."

Ya kwanza inang'aa kiasi kwamba najiona ndani yake, na nina jicho moja.

"Mimi nimefuliwa," inasema kwa sauti ya mwenyekiti wa sherehe. "Nimepigwa nyundo nikiwa moto. Sivunjiki ovyo. Lakini nikipata joto natanuka sana, kwa hiyo niachie nafasi ya kutosha. Sipendi kubanwa."

Mwisho wa benchi imekaa nyingine, ya kijivu, haina mng'ao wowote.

"Mimi nilisubiwa," inasema polepole. "Nilimiminwa kwenye kalibu nikaganda. Sitanuki sana, sina kelele. Ila usinikimbize mbio za mashindano, nitapasuka. Nani anapanda?"

Sikuijibu. Ungeijibuje pistoni ya rangi ya majivu mbele ya mama mkwe, wakati kuna nyingine inang'aa?

Nikachukua mikrometa, maana hapo sasa watu walikuwa wanatazama, nikaipima ile inayong'aa kichwani.

"Kichwani hapana!" ikapiga kelele. "Kichwani mimi ni mwembamba. Fundi gani wewe? Pistoni hupimwa sketi!"

Ni kweli. Sehemu ya chini ya pistoni mafundi tunaiita sketi, na ndiyo inayopimwa. Nimeipima miaka yote bila kuwaza lolote. Lakini sasa pistoni zote zimegeuka kunitazama, na ile inayong'aa imeshika pindo kwa vidole viwili, inasubiri. Mama mkwe amegeukia ukutani kwa heshima. Anaisoma ratiba ya misa.

"Siwezi," nikanong'ona. "Si mbele ya mama mkwe."

"Basi hutajua nafasi iliyobaki."

"Nitakadiria."

"Kwa jicho?" pistoni zote ziliuliza kwa pamoja, kwa sauti nne, kama kwaya.

Masikio yaliniwaka moto. Nikaikwapua ile inayong'aa nikaibeba kwapani hadi gereji, nikaisukumiza ndani ya silinda. Iliingia kwa taabu.

"Na nafasi yangu?" iliuliza ikiwa imeshazama hadi kidevuni.

"Utaipata njiani."

Nikafunga.

Mama akakaza kitenge, akaning'iniza mkoba begani, akavuta kamba. Injini ikanguruma vizuri mno. Nilisimama nimeweka mikono kiunoni. Alipanda mlima kama mshale, na mimi niliangalia huku na huku kama kuna mtu anaona kazi yangu.

Katikati ya mlima mlio ukabadilika, ukawa kama mtu anayevuta kiti kizito sakafuni. Kisha kimya.

Ninapanda mlima kwa miguu nikiwa na ndala. Theluji ina baridi ya friji ya samaki. Kila ninapokanyaga, tundu la mguu linasema, "Ndiye huyu." Linalofuata linasema, "Ndiye huyu."

Mama alikuwa amekaa kando ya pikipiki. Injini ilikuwa imeumuka kama andazi, imebana kila kitu. Sauti ya pistoni ilitoka ndani kwa shida: "Nilisema nafasi."

"Pole, mama," nikasema.

"Haidhuru, baba."

Afadhali angenitukana. Alikuwa ametoa leso kwenye mkoba anaifunika injini kama mtoto mwenye homa. Huku anaifunika, alikuwa anafanya mazoezi ya maneno yake kwa sauti ndogo.

"Kamilius, Avelina ameolewa. Mume wake ni…" Akaanza upya. "Kamilius, Avelina ameolewa. Mume wake ni mtu ambaye…"

Hapo akakwama tena. Nilitamani theluji inifunike. Nililala chini kabisa nikaisubiri, lakini theluji ilisogea pembeni ikaniacha juu ya jiwe kavu.

"Mama," nikasema nikiwa nimelala hivyo, "sikupima."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Niliona jicho lako linafumba."

"Mbona hukusema?"

"Ningekuaibisha." Akapangusa theluji magotini. "Na wewe hukupima kwa sababu yangu. Tumestahiana, baba, na mlima uko palepale."

Nikainuka, nikafungua injini, nikaing'oa ile pistoni inayong'aa, kisha nikatoa mikrometa mfukoni. Nikaipima silinda juu, nikaipima katikati, nikaipima chini, mbele ya macho yake. Silinda ilicheka kwa kutekenywa, kisha ikasema ukweli wake: "Nimeliwa. Pistoni ya saizi ya kiwandani itacheza ngoma humu ndani. Nichonge ukuta uwe laini, kisha nitafutie ya hamsini."

Ya hamsini ni ile nene kidogo kuliko ya kiwandani. Nikachonga. Vumbi la chuma lilianguka juu ya theluji na theluji ikapiga chafya.

"Ya hamsini ni mimi," sauti ya polepole ikasema. Ilikuwa ile ya kijivu, imekaa juu ya mkoba wa mama. "Hukuniuliza. Hata jibu langu hujanipa. Nani anapanda?"

"Anapanda mama yangu," nikasema. "Anakwenda kumsalimia mume wake. Hashindani na mtu."

"Kwa mwendo huo namfikisha."

Ikabaki sketi. Nilisimama nayo mkononi, uso unawaka. Mama mkwe akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza.

"Lete hapa. Mimi nimeshona sare za shule Mahenge mpaka macho yakachoka. Nitaogopa sketi?"

Akaishika, akanielekeza pa kuweka mikrometa, akanishikia mkono. Nikasoma. Nafasi ilikuwa ile inayotakiwa, nyembamba kama ukucha wa mtoto mchanga. Hakuna aliyekufa kwa aibu. Nilikuwa nimetarajia mmoja wetu afe.

Kichwani pistoni ilikuwa na mshale, na mshale huelekezwa ekzosi. Nilipouelekeza, mlima wote ukainuka, ukazunguka, ukakaa upande wa ekzosi.

"Usiondoke bado, mama. Pistoni mpya haikurupushwi. Inapashwa moto taratibu."

Tukasimama tunaisubiri, yeye anatazama huku, mimi kule, kama inavyopasa. Injini iliguna, ikatulia, ikaanza kuhema sawasawa.

"Nimwambie nini baba yenu?" aliniuliza bila kugeuka.

Nilifikiri sana. Yote niliyotaka aambiwe yalikuwa ya kung'aa.

"Mwambie," nikasema, "sasa napima."

Akapanda. Akaondoka kwa mwendo wa mtu aendaye kusali jumuiya asubuhi, theluji inampiga usoni, naye midomo inacheza anarudia maneno yake. Alipovuka kilele sikumwona tena. Mlio wa injini ukaendelea upande wa pili. Nikausikiliza, nikausikiliza. Haukukatika.

Niliamka shuka limelowa jasho. Nje jua lilikuwa limeshatoka na Avelina alikuwa anakoroga uji. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, kopo la mafuta ya mgando mapajani. Midomo yake ilikuwa imepasuka, myeupe, imechanika kwenye pembe, na ncha ya pua ilikuwa inabanduka ngozi.

"Mama, midomo imekuwaje?" Avelina alimwuliza.

"Baridi."

"Baridi? Ifakara hii?"

Mama akachota mafuta kwa kidole, akajipaka polepole mdomo wa chini, kisha wa juu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama."

Nilitaka sana kumwuliza alimwambiaje mzee Kamilius. Niliona aibu. Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji.