Redio Iliyozimwa Tinde

Salvina, ambaye wengi walimwita Mama Klara, alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu wake ndio uliomponza. Mwaka 1982, katika zahanati ya Tinde, ndiye aliyeshika simu ya upepo na kuipangia ratiba, redio ambayo zahanati sita za misheni ziliitumia kuambizana hali ya barabara. Kila nusu saa vituo vilisalimiana. Kituo kisiposikika mara mbili, njia yake ilihesabiwa imekatika. Na habari ya njia ikitoka, kila kituo kiliirudia kwa jirani zake mpaka wote wajue.

Ilikuwa kero, usiombe! Shimo moja la barabarani Salvina alilisikia mara sita. Tena kulikuwa na Bujiku wa Mwakitolyo, kijana wa Kisukuma asiyejua salamu fupi. "Mwangaluka, Mama Klara! Ng'ombe hawajambo? Mvua je?" Betri iliisha kila katikati ya wiki. Basi Salvina akaamua peke yake, akaviagiza vituo vyote kwa mdomo tu bila barua: salamu kila baada ya masaa matatu, katikati redio zizimwe, na habari isirudiwe. Bujiku pekee ndiye aliyeuliza, "Na mto ukijaa katikati hapo?"

"Mto utasubiri zamu yake," Salvina akamjibu.

Masika hayo, Alhamisi saa mbili asubuhi, Mwakitolyo ilisema njia njema. Saa mbili na nusu mto ukabeba daraja. Saa tatu Nkwabi, dereva wa Landrova, akasimama mlangoni. Ndani ya gari Paskalia, mke wa mkulima wa pamba, alikuwa na uchungu tangu jana, na daktari wa kupasua alikuwa ng'ambo ya mto ule.

"Mwakitolyo panapitika?"

Salvina akatazama daftari la saa mbili. Redio ilikuwa hapo hapo kiwikoni, imezimwa. "Panapitika. Nendeni."

Wakati huo huo Bujiku alikuwa anaita, anaita, hajibiwi. Gari likafika mtoni, likageuza, likazunguka kwa barabara ndefu. Paskalia alipona. Mtoto hakupona.

Jumatatu Bwana Ansgar, mkaguzi wa misheni, akamwita Bujiku Tinde, Salvina akiwepo. Mkaguzi hakuwa na habari za amri mpya. "Daraja limebebwa mbele ya macho yako, nawe kimya! Ulikuwa umelewa?"

Bujiku akatazama viatu vyake. Kumtaja mwanamke wa rika la mama yake hakuweza. "Nisamehe, mzee."

"Basi kesho huna kazi."

Aibu ikampanda Salvina mpaka masikioni. Angenyamaza tu, yangeishia hapo, na mkaguzi asingejua; wazo hilo ndilo lililomtisha.

"Aliita," akasema. "Mimi ndiye niliyezima. Amri ilikuwa yangu."

Bujiku akabaki na kazi yake, Salvina akaipoteza ya kwake. Alidhani roho itatulia. Haikutulia. Kesho yake akaenda kwa Paskalia, akakaa kwenye kigoda, akamwaga maelezo yote: nusu saa, masaa matatu, betri, daftari, nani alisema nini. Paskalia alimsikiliza mpaka mwisho, khanga ameikaza kifuani kwa ajili ya maziwa yaliyokuwa yakitoka bure.

"Umemaliza, Mama Klara?"

"Nimemaliza. Nisamehe."

"Alikuwa wa kike," Paskalia akasema. "Hukuuliza."