Nani Huyu Konrad?

"Hebu rudia hapo," Roswitha alisema, pasi ikiwa hewani juu ya kitambaa cha meza.

Traudl, jirani yake aliyewatembeza watalii wa Kiingereza milimani kwa miaka mingi, alilamba kidole, akarudi nyuma ukurasa mmoja wa ile tafsiri ya Kiingereza, akasoma. Roswitha hakuelewa neno hata moja ila lile lile lililomchoma mara ya kwanza.

"Konrad. Nani huyu Konrad?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mwenzangu. Mama yako anamwinamia bwana wake mgonjwa, anamwambia, 'Konrad, kunywa maji.'"

"Mimi sikuandika Konrad! Mwenye shamba hana jina kwenye kitabu changu, mwanzo mpaka mwisho." Pasi ilitua kwa kishindo. "Na bonde hili limekuwa na Konrad mmoja tu. Daktari wa ng'ombe."

Traudl aliziba mdomo, kicheko kikamponyoka puani. "Maskini mama yako. Na mjane wa daktari atakuwapo leo maktaba mkisoma, kiti cha mbele kabisa."

Roswitha hakucheka. Alikuwa amezeeka akipiga pasi mashuka ya hoteli, na riwaya yake moja aliiandika juu ya meza hiyo hiyo ya pasi: kisa cha mamake, mtumishi wa shambani, na bwana aliyemtumikia. Yule Mwingereza aliyeitafsiri, Imogen, Roswitha hakumwamini tangu mwanzo. Nani avuke bahari kufuata habari za mtumishi? Kiangazi kilichopita alikuja, akala maandazi yake ya viazi, kisha akaonekana makaburini akisoma majina. Alikuwa akichimba siri. Au kuna mtu alimnong'oneza, tena uongo.

Imogen alifika adhuhuri akiwa na maua. Alasiri hiyo maktaba ya mji ilikuwa inasherehekea tafsiri yake.

"Maua yaweke chini," Roswitha alimwambia. "Konrad umemtoa wapi? Nani kakutuma?"

Shingo ya Imogen iliiva. "Hakuna aliyenituma, Bi. Roswitha. Nimembuni."

"Umembuni! Kwenye kitanda cha mamangu!"

"Kijerumani chenu kina 'wewe' mbili. Mama anamwita bwana yule *Sie* maisha yake yote, wewe ya kupigiwa magoti. Halafu siku ya kufa kwa bwana, mara moja tu, anamwambia *du*, wewe ya mpenzi. Niliposoma pale nilifunga kitabu nikatoka nje. Sasa Kiingereza kina wewe moja, ya mfalme na ya mbwa. Ningeandika hivyo, msomaji angepita kama hakuna kilichotokea. Ndipo nikampa jina."

"Ungeniuliza."

"Nilipiga simu. Ulisema kila kitu kimo kitabuni, ukakata."

Ilikuwa kweli. Roswitha alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Bado jicho lake halikumtoka mgeni.

"Leo usimsome Konrad."

"Nisome nini basi? Aliitwa nani?" Imogen alishusha sauti. "Alikuwa baba yako, sivyo?"

Traudl alisimama ghafla, akasema anaenda kutafuta chombo cha maua.

"Mamangu hakuwahi kulitamka jina lake," Roswitha alisema. "Wala mimi silitamki."

Maktaba ilijaa. Mjane wa daktari alikaa mbele, mkoba mapajani. Roswitha alisoma Kijerumani chake harakaharaka, kisha Imogen akaanza Kiingereza, na Roswitha akamkazia macho mdomoni kama mtu anayemvizia mwizi sokoni. Hakuelewa. Lakini taratibu alianza kutambua mahali walipofika kitabuni: vile vikohozi vya mgonjwa vilivyokatakata sentensi, lile dirisha lililofunguliwa kwa maneno mafupi mafupi. Hata sauti ilishuka pale pale mamake aliposhusha ndoo.

Kisha Imogen akanyamaza. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari wenye jina la Konrad. Alimtazama Roswitha.

Watu walisubiri. Mtu alikohoa nyuma, kiti kikalia.

Roswitha aliinamia kipaza sauti, karibu mno, kiasi cha pumzi yake kusikika ukumbini.

"*Du*," alisema.

Imogen alifunga kitabu. Nje mvua ilikuwa imeanza, na mjane wa daktari, bila kugeuka, aliushika mkono wa mtu asiyemjua aliyeketi pembeni yake, kama neno lile limemgusa yeye.