Ekari Saba za Mti wa Uchovu

Dakta Ildefons Rugaibula alikuwa mtu wa kunyoosha suruali pasi hata kama safari yenyewe ni ya kwenda dukani kununua kiberiti. Chuoni Dar es Salaam alifundisha kemia ya mimea, yaani kutoa dawa na sumu zilizomo ndani ya majani, magome na mizizi, na wanafunzi walimwogopa kweli kweli. Kila mwaka, somo la kwanza, aligonga ubao kwa chaki akasema kwamba mkemia asiyejua jani lake limechumwa na nani, wapi na lini, huyo si mkemia, ni mpishi. Wanafunzi waliliandika neno hilo, wakalipigia mstari.

Laiti wangejua! Jani lililompa yeye jina hakulichuma.

Ilikuwa mwaka 1973, likizo ndefu. Alitoka Dar kwa treni hadi Mwanza, akapanda meli, akashuka Bukoba na nia njema kabisa ya kwenda kijijini kwao, upande wa Muleba, kuchuma majani ya kichaka fulani kinachoota kwenye rweya, ile mbuga pana tupu isiyofaa kahawa wala ndizi. Watu wa kwao hukiita mti wa uchovu. Mtu akitoka kulima, huchemsha majani yake akanywa, mwili ukachangamka. Ildefons alitaka kujua kinachouchangamsha ni nini. Lakini pale Bukoba alikutana na wenzake wa sekondari, sasa wakubwa wa ofisi wenye vitambi, na siku nne zikapotea kwenye bia baridi na sifa. Siku ya kwanza tu alimpelekea mama yake ujumbe wa mdomo kupitia utingo wa basi: "Mawe," yaani mama kwa Kihaya, "nichumie gunia moja la majani ya mti wa uchovu, uyakaushe vizuri." Siku ya tano alifika, akakuta gunia limefungwa kwa kamba ya mgomba. Alikula ndizi kwa haraka, akaondoka jioni ile ile.

Huko maabara aliyachemsha majani, akayatikisa na klorofomu, akaacha dawa ikauke taratibu. Kwenye kioo zikabaki fuwele nyeupe, nyembamba kama sindano. Akazipima mara tatu. Kafeini! Kitu kile kile kilichomo katika kahawa na chai, sasa kipo kwenye kichaka cha bure kinachoota mahali ambapo kahawa hufa.

Hapo ndipo mtu mzima angepaswa kukaa chini ajiulize swali moja. Wewe ni Mhaya, umezaliwa katikati ya mibuni, jani limetoka jikoni kwa mama yako, na ndani yake umekuta kitu cha kahawa. Huulizi? Hakuuliza. Furaha ilimpofusha. Aliandika makala, ikachapishwa nje, na mahali pa kueleza jani lilikotoka aliandika: "Majani yalichumwa na kukaushwa na mwandishi mwenyewe." Kuandika "mama yangu" kulionekana kitu cha kishamba kati ya majina ya maprofesa.

Basi ingeishia kwenye karatasi, tungemcheka tu tukaendelea na shughuli zetu. Lakini mwaka uliofuata kijiji chao kilikuwa kimeshakuwa kijiji cha ujamaa, kinatafuta zao la shamba la pamoja, na mwenyekiti wake, Mzee Byabato, akamwalika mtoto wa kijiji aje awashauri. Ildefons akaja, akasimama mbele ya watu na tai shingoni. "Ndugu zangu," alisema kwa Kiswahili cha kitabu, "mti huu nimeuchuma mimi mwenyewe kwa mikono yangu, nimeupima mimi mwenyewe. Ni kahawa ya rweya. Pandeni, na kiwanda kitakuja." Watu walipiga makofi hadi kuku wakakimbia. Mama yake, Anatolia, alikuwa amekaa mstari wa mbele na kanga mpya. Naye alipiga makofi.

Wakapanda ekari saba. Na ekari hizo hazikuwa pori. Zilikuwa vipande vya wanawake, walimokuwa wakilima njugumawe kila mwaka, kwa sababu kibanja cha migomba na mibuni ni vya mume, bali njugu za rweya ni za mwanamke na watoto wake. Waling'oa njugu, wakapanda uchovu.

Ukweli uliletwa na msichana mmoja wa mwaka wa tatu, Mastura, mtoto wa mshona nguo wa Bukoba mjini. Alipewa kazi ya kurudia jaribio la mwalimu wake kwa majani aliyoyachuma mwenyewe wakati wa likizo. Akarudia mara moja, hakuna kafeini. Akarudia mara ya pili na ya tatu. Hakuna.

"Vyombo vyako ni vichafu," Ildefons alimwambia mbele ya wenzake, na akampa alama ya kufeli.

"Nimeosha, mwalimu. Na majani nilichuma mimi mwenyewe."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma. Jioni alijifungia maabara na majani ya Mastura, akaosha vyombo kwa mkono wake, akachemsha, akasubiri. Kioo kilibaki kitupu. Akakaa juu ya kigoda, aibu ikaanza kumpanda. Siku ya pili alimbadilishia Mastura alama, akampa A. Msichana akauliza kwa nini. "Nilikosea kujumlisha," alijibu daktari wa falsafa, bila kumtazama machoni.

Wiki ile ile ikaja barua ya Mzee Byabato: kijiji kinataka kuongeza ekari tano kabla ya mvua za vuli, tunaomba uje ubariki. Ekari tano hizo ndizo njugu za mwisho zilizobaki. Ildefons alijua kwamba asipofika akasema, watazing'oa kwa jina lake. Akaomba ruhusa, akasafiri. Njia nzima, kwenye treni na kwenye meli, alitunga hotuba kichwani, na kila alipofika kwenye neno "mimi" ulimi ulikuwa mzito.

Alifika nyumbani asubuhi ya mkutano. Anatolia alimpokea kwa salamu ya "Kasinge, mwana wange", akamwekea kiti, akamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo ada kwa mgeni wa heshima. Ildefons alitia punje moja mdomoni, akauliza kana kwamba anauliza habari za mbuzi:

"Mawe, yale majani ya mwaka ule uliyakausha vipi?"

Mama uso ukamng'aa. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Ee, ile kazi! Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, majani yakaanza kuwa meusi. Nikasema, haya yanakwenda kwa wakubwa, yataniaibishia mtoto. Nilikuwa nimechemsha kahawa na majani yake ya kunukia, kama hii unayotafuna. Nikatoa kahawa, nikayaloweka yale majani humo humo kwenye yale maji, usiku kucha. Hivyo ndivyo mama mkwe alivyonifundisha, kitu kikipita kwenye maji ya kahawa hakiozi. Kisha nikayakausha juu ya moshi. Hayakuoza hata moja, au siyo?"

"Hayakuoza, Mawe," alisema Ildefons.

Alitamani kumkasirikia. Kweli, kwa muda mfupi alitafuta hasira moyoni mwake, maana hasira ingemsaidia, lakini alijua vizuri mno kwamba mama hakuambiwa lolote zaidi ya "uyakaushe vizuri". Aliyakausha vizuri. Aliyekuwa Bukoba akinywa bia ni mwingine.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, kando ya shamba lenyewe. Mzee Byabato alimkaribisha kwa maneno marefu. Ildefons akasimama. Safari hii hakuvaa tai.

"Ndugu zangu, msiongeze hizo ekari tano. Na hizi saba pia mzing'oe. Mti huu hauna kile nilichowaambia. Kulitokea kosa katika kutayarisha yale majani. Yalichanganyika na maji ya kahawa."

Kisha akainuka Kokuberwa, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, mjane, aliyepoteza vipande viwili vya njugu.

"Misimu miwili, waitu jamani! Misimu miwili watoto wangu wanakula ndizi bila njugu, kwa sababu ya maji ya kahawa? Yalichanganyika yenyewe, yalikuwa na miguu? Nani huko kwenu anayechemsha kahawa?"

Macho yote yakageukia mstari wa mbele, alikokaa Anatolia.

Hapo, msomaji, palihitaji maneno matatu tu. Si mama, mimi. Ildefons alikuwa nayo mdomoni. Lakini kuyasema ilikuwa kusema pia kwamba "mikono yangu" ilikuwa uongo, na mtu akishajua hilo angeuliza na mengine, na makala ile ingesomwa upya, na chuoni wangesema. Akatazama viatu vyake. Akavitazama kwa muda mrefu kuliko kiatu kinavyostahili.

Anatolia, aliyekuwa akifuata Kiswahili polepole, alielewa. Alisimama, akatengeneza kanga yake, akavuka uwanja hadi walipokaa wanawake, akapiga magoti mbele ya Kokuberwa, aliye na umri wa binti yake.

"Ni mimi," alisema kwa Kihaya. "Mtoto alichuma, mimi nikayaharibu jikoni. Nisameheni, ni ujinga wangu."

Kokuberwa alimwacha pale chini kidogo kabla ya kumpa mkono. Wengine walicheka, kile kicheko cha watu waliochoka. Mzee Byabato akafunga mkutano kwa kusema wazi kwamba shamba ling'olewe leo leo, na wanaume wakaenda kuchukua majembe.

Mama na mwana walirudi kwa njia ya mgombani, mmoja nyuma ya mwingine. Magoti ya Anatolia yalikuwa na vumbi jekundu, naye hakulipangusa. Ildefons alivumilia hadi kwenye kijito.

"Mawe, kwa nini umesema nilichuma mimi? Unajua sikuchuma."

"Ulisema mwenyewe, mbele ya watu wote. Ningekufanya mwongo?"

"Siku ile ulinisikia, ukapiga makofi."

"Nilipiga." Alisimama, akageuka. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Majirani waliponiuliza, niliwaambia ndiyo, alichuma yeye. Nilidhani unanionea aibu, mwana wange. Mtu amesoma hivyo, atasemaje amesaidiwa na mama asiyejua kusoma? Nikasema basi, na iwe hivyo."

Ildefons alifungua mdomo akanushe. Maneno yalikuwepo, mengi, mazuri. Lakini alikumbuka kalamu yake juu ya karatasi ile, na jinsi alivyoliona neno "mama" na kuliruka kama mtu anavyoruka tope. Alikuwa amemwonea aibu. Hakuna jina jingine. Na leo tena, kwa mara ya pili, mchana kweupe.

Aligeuka akarudi mbio, mtu mzima na viatu vyake vya mjini, akiteleza kwenye majani ya migomba. Aliwakuta watu shambani, wanaume wanang'oa, wanawake wanakusanya vichaka wavipeleke kuwa kuni. Alisimama katikati, akahema, akasema kwa Kihaya, lugha ambayo hakuwahi kuwahutubia kwayo. Alisema yote. Kwamba hakuchuma hata jani moja. Kwamba alikuwa Bukoba akinywa bia siku nne. Kwamba mama hakuambiwa namna ya kukausha, na yeye hakuuliza, na hata matokeo yalipokuja hakuuliza. Kwamba kuna msichana chuoni aliyegundua haya yote, anaitwa Mastura, naye alimfelisha. Kwamba ataandika kukanusha makala yake, hata wakimfukuza.

Majembe yalisimama. Mzee Byabato alitikisa kichwa, akasema "Haya, tumesikia," kwa sauti ya mtu aliyepokea habari za msiba wa mbali.

Kokuberwa alikuwa ameinama anafunga mzigo wake wa kuni. Aliikaza kamba kwanza, kisha ndipo akanyoosha mgongo.

"Umesema vizuri, mwalimu. Njugu tutapanda tena, mvua zikija. Lakini sisi wote tumemwona mama yako amepiga magoti, na wewe ulikuwa umesimama."

Alijitwika mzigo akaondoka. Ildefons alibaki palepale kati ya mashimo. Watu walimzunguka wakiendelea na kazi, na hakuna aliyempa jembe.